Sura ya Sita: Kasa na Kipande cha Lami

Mzee aliyeniendesha kutoka Muscat hakufungua kinywa kwa Kiswahili mpaka tulipoipita Quriyat. Kwa saa nzima nilikuwa nimemchosha na Kiarabu changu cha kuokoteza, nikiuliza maji, nikiuliza kilomita, naye ananijibu kwa kidole. Kisha simu yangu ikalia, nikamwambia mke wangu nyumbani kwamba bado niko njiani na kwamba ndiyo, nimekula. Nilipoikata, mzee alikuwa anacheka peke yake, anagonga usukani kwa kiganja.

"Ala! Kumbe wewe mwenzetu, na unanitesa bure na Kiarabu cha redioni!"

"Shikamoo mzee," nikasema. Sikuwa na jingine la kusema.

"Marahaba mwanangu. Mimi nimezaliwa Ng'ambo, Unguja. Huku nimeletwa mtoto."

Watu wa namna yake si wachache Oman. Wako waliotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na wako waliorudi baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970, wakati serikali mpya ilipokuwa inatafuta waliosoma. Kiswahili chao kimebaki kama kilivyokuwa siku ile wanapanda chombo. Mzee wangu alisema "motokari", neno ambalo sikuwa nimelisikia tangu kwa babu yangu, na barabara ya lami aliiita "njia nyeusi".

Tulikuwa tunakwenda Ras al-Jinz, kipande cha magenge na fukwe kilichopo kilomita chache kusini ya Ras al-Hadd. Pande hizi ndizo za mashariki kabisa katika bara lote la Arabuni. Ghuba ya Oman inaishia hapo na Bahari ya Arabu inaanza. Ukitoka hapo kuelekea jua linakochomoza, mbele yako ni maji matupu mpaka India. Majina haya hayana ugeni kwetu. Ras ni kichwa kwa Kiarabu, na pwani yetu imejaa vichwa hivyo: Ras Nungwi, Ras Mkumbuu, Ras Kisimani. Hadd ni mpaka, na sikio la Mswahili haliwezi kulisikia bila kusikia "hadi" ndani yake. Hata vile vijito vya bahari vinavyoingia nchi kavu, wenyewe wanaviita khor. Sisi tunasema hori.

Njiani tulisimama Qalhat kwa dakika ishirini. Hapo pana gofu la kaburi la Bibi Maryam, limesimama peke yake juu ya mlima wenye mawe, kuba lake limekwisha kuanguka, na tangu 2018 mji huo wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nililitazama kwa sababu moja. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akatoka huko na chombo hadi Dhofar, na baadaye akashuka karibu na Sur na kutembea kwa miguu mpaka Qalhat. Alifika miguu imevimba. Mtu yuleyule aliyewaona watu wa Kilwa aliwaona na hawa, katika safari moja, na kwake hiyo haikuwa ajabu.

Baada ya Sur nchi inakuwa tambarare, kokoto na vumbi la rangi ya biskuti, mbuzi watatu, hakuna mti. Kisha linatokea hori la Jarama, maji ya buluu yaliyojificha ndani ya jangwa, na kando yake mikoko. Mzee alipunguza mwendo akaninyooshea kidole: yangeyange wawili wamesimama katika maji mafupi. Mikoko ile ni mifupi, haifai kujengea. Ndiyo maana nyumba nyingi za zamani za Oman zimeezekwa kwa boriti zilizokatwa Rufiji na Lamu na kupakiwa majahazini. Ukiinua macho ndani ya chumba cha kale cha huku na kuuona upana wake, ujue upana huo umepimwa na urefu wa mti wa kwetu.

Kwenye rasi yenyewe upepo haukutuacha tusemezane. Genge ni la mawe yaliyokatika vibaya, tabaka juu ya tabaka, na chini yake mapango ambamo wimbi linaingia na kutoka na mngurumo. Katikati ya genge na genge kuna fukwe ndogo za mchanga, kama mfuko uliofunguliwa kidogo. Mnandi walikuwa wamejipanga kwenye jabali moja lililotengana na nchi, weusi, mbawa wamezitandaza zikauke. Shakwe walikuwa hawatui. Ilikuwa mwezi wa Julai, na Muscat tuliiacha inaunguza, lakini hapa nililifunga koti. Sababu ni kusi. Upepo huohuo unaotuletea sisi baridi ya Julai ukifika huku unakuwa mkali zaidi, unayasukuma maji ya juu mbali na nchi, na maji ya chini, baridi na yenye chakula kingi, yanapanda kuchukua nafasi. Dagaa wanafuata, jodari na nguru wanafuata dagaa, ndege wanawafuata wote. Nchi kavu ni tupu kabisa, na bahari iliyo mita kumi kutoka hapo imejaa. Ukilielewa hilo, huulizi tena kwa nini watu walikaa mahali pasipo na mti.

Walikaa tangu zamani sana. Nami, nikiri, nilipoambiwa kuna magofu, niliweka matumaini makubwa mno. Mtu aliyekulia na picha za Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu wa Kilwa, akisikia "magofu" anatarajia matao. Ras al-Hadd ipo ngome yenye minara, imekarabatiwa mpaka imepoteza umri wake usoni. Ras al-Jinz kuna vichuguu. Udongo ulioinuka kidogo, misingi ya matofali ya udongo yaliyoliwa na upepo, chini ya kilima bapa. Mtalii mmoja aliyekuwa karibu nasi alipiga picha moja akarudi kwenye gari. Sikumlaumu.

Lakini kile kilichotoka ndani ya vichuguu hivyo kimebadilisha historia ya bahari yetu. Kuanzia 1985, wanaakiolojia wakiongozwa na Mfaransa Serge Cleuziou na Mwitaliano Maurizio Tosi walichimba hapa msimu baada ya msimu. Walipata chetezo cha mawe, miongoni mwa vya kale kabisa vilivyopata kuonekana kwa ajili ya ubani. Walipata kitana cha pembe ya ndovu kilichotoka bonde la Indus, na vigae vya vyungu vya hukohuko, kimojawapo kina alama za maandishi ambayo mpaka leo hakuna aliyeweza kuyasoma. Walipata shaba, maana Oman ndiyo nchi ambayo watu wa Mesopotamia waliiita Magan na kuinunulia shaba. Mfalme Sargon wa Akkad alijigamba kwamba vyombo vya Magan vilitia nanga kwenye gati lake.

Na walipata lami. Zaidi ya vipande mia tatu, vimewekwa pamoja chumbani kama mtu anavyoweka kuni.

Lami haitoki Oman. Imetoka upande wa Mesopotamia, mamia ya kilomita juu ya Ghuba, na imekaa katika mchanga huu zaidi ya miaka 4,000. Kipande cha namna hiyo ni kitu cha ukubwa wa kiganja, cheusi kisichong'aa, ambacho ungekipiga teke. Kigeuze. Upande mmoja una michirizi, imepangwa sawasawa kama meno ya kitana. Ni alama ya matete yaliyofungwa matita, na katikati ya michirizi kuna msokoto wa kamba uliogandia hapo, mpaka nyuzi zake unaweza kuzihesabu. Upande wa pili una viganda vidogo vigumu vya mviringo, vile vinavyonata chini ya chombo kikikaa majini muda mrefu. Mabaharia wa kwetu wanavijua vizuri. Ndivyo wanavyovikwangua na kuvichoma kwa moto wa makuti, chombo kikipandishwa pwani kabla ya kupakwa deheni.

Kwa hiyo tunajua mambo matatu kutoka kwenye kipande kimoja. Chombo kilikuwa cha matete. Kilipakwa lami maji yasiingie. Na kilisafiri, maana viganda vile haviotei kwenye chombo kilichokaa juu ya mchanga. Wachimbaji walifikia uamuzi kwamba mafundi wa hapa walikuwa wanaibandua lami kuukuu, wanaihifadhi, na msimu wa safari ukikaribia wanaiyeyusha upya. Ni kazi ya kalafati. Mtu yeyote aliyewahi kukaa Mkokotoni au Kizingitini akamtazama fundi anavyopachika pamba na mafuta katikati ya mbao anaielewa kazi ile bila kuelezwa. Sisi tulikuwa na mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, pasipo msumari. Wao walikuwa na matete na lami. Ugonjwa wa kuvuja ni mmoja.

Mwaka 2005 kundi la wataalamu liliamua kujaribu. Waliunda mashua ya matete, wakaipaka lami, wakaiita Magan, na mwezi wa Septemba wakaondoka nayo Sur kwenda India. Ilizama siku hiyohiyo, baada ya saa chache. Jeshi la wanamaji liliwaokoa wote. Nilipomsimulia mzee, alicheka mpaka akapangusa macho.

"Wamesoma sana hao," akasema, "lakini hawakumuuliza mvuvi."

Sina hakika kwamba mvuvi angejua. Ujuzi ule umekufa zamani, na wale waliozama nao walikuwa miongoni mwa watu wachache waliojaribu kuufufua. Mimi naliheshimu jaribio lao kuliko vitabu vingi vilivyotuambia kwa uhakika jinsi vyombo vile vilivyokuwa.

Mzee naye alikuwa na habari yake ya bahari hii. Babu yake aliondoka Sur na jahazi la Wasuri wakati wa kaskazi, chombo kimepakia tende na papa mkavu, abiria wamelala juu ya mizigo. Waliizunguka rasi hii, wakashuka na pwani, wakapita Lamu, wakafika Unguja. Waliokuwa wakirudi walingoja kusi lianze, wakapakia boriti. Rasi ndiyo ilikuwa alama ya kuaga na alama ya kufika. Mabaharia walikuwa wanaiogopa kusi likiwa katikati ya nguvu zake, na kwa wakati huo karibu hakuna aliyethubutu kuja. Waliothubutu wengine hawakuwa wafanyabiashara. Mwaka 1507 Afonso de Albuquerque, akitoka Socotra kwenda Hormuz, alipita Ras al-Hadd akazichoma mashua za wavuvi alizozikuta. Mwaka uliofuata alirudi akaiteketeza Qalhat. Kilwa na Mombasa walikuwa wamekwisha kuyaona hayo mwaka 1505, kwa mkono wa Mreno mwenzake.

Kuna mzigo mwingine uliopita hapa, na sura hii isingekuwa ya kweli kama ungeachwa. Sur ilikuwa moja ya bandari za biashara ya watumwa kutoka pwani yetu. Karne ya kumi na tisa, Waingereza walipoanza kuvisimamisha vyombo na kuvipekua, wenye majahazi wengi wa Sur walijipatia bendera ya Ufaransa, kwa kuwa chombo cha Kifaransa hakikuruhusiwa kupekuliwa na Mwingereza. Ugomvi ulikua mpaka ukafika The Hague. Tarehe 8 Agosti 1905 mahakama ya usuluhishi ilitoa hukumu iliyoibana Ufaransa isiendelee kugawa bendera zake ovyo kwa watu wa Sultani. Majaji walizungumza sana habari ya bendera na mikataba. Waliokuwa chini ya sitaha hawakuwa upande wowote wa kesi.

"Walikuwamo hata nyumbani kwa babu yangu," alisema mzee, na hakuendelea. Tukakaa pale juu ya genge mpaka adhana ya magharibi.

Saa tatu usiku tulikusanyika kwenye kituo. Hifadhi hii ya kasa iliwekwa kwa amri ya Sultani mwaka 1996, na huruhusiwi kushuka pwani peke yako. Kijana wa kituo alitugawa makundi, akatupa masharti kwa Kiarabu na Kiingereza: hakuna taa, hakuna simu, hakuna kumpitia kasa mbele ya uso. Tulitembea gizani kwenye mchanga, mmoja nyuma ya mwingine. Nyota zilikuwa nyingi kupita kiasi. Kisha kijana akainua mkono, tukasimama, na katika utulivu ule nikasikia sauti kama ya mtu anayepepeta mchele. Mchanga ulikuwa unarushwa.

Alikuwa kasa wa kijani. Jina hilo linadanganya, kwa sababu kijani ni cha mafuta yaliyo ndani ya mwili wake, na gamba ni la kahawia. Urefu wake ulikuwa kama wa meza ya kulia chakula ya watu wanne. Kijana alituruhusu kusogea nyuma yake tu, baada ya kuhakikisha kwamba ameanza kutaga, maana kabla ya hapo akishtuka anarudi baharini na mayai yake. Taa ndogo ikawashwa, ikaelekezwa shimoni. Mapezi ya nyuma yalikuwa yamelichimba shimo lile moja baada ya jingine, kila moja likijikunja kama kiganja kinachochota unga, na kuta zake zilikuwa laini, zimenyooka, kama za mtungi. Mayai yalikuwa yanadondoka mawili, matatu, yamefunikwa ute, meupe, ya mviringo kama mpira wa tenisi ya mezani. Hayavunjiki. Ganda lake ni laini, linabonyea na kurudi. Kwa usiku mmoja hutaga kama mia moja. Kila alipojikaza, pumzi ilimtoka kwa kishindo, na machozi mazito yalimtiririka hadi mchangani. Ni chumvi ya bahari anayoitoa kwa tezi za macho. Najua hivyo. Hata hivyo mama mmoja wa Kiomani aliyekuwa kando yangu alisema "maskini" kwa Kiarabu, neno ambalo halikuhitaji mkalimani, na sote tulikubaliana naye.

Kuna mambo ambayo kasa anayafanya bila kujua na ambayo hata sisi tumeyajua juzi tu. Mchanga ukiwa na joto zaidi, watakaotoka watakuwa majike. Ukipoa, watakuwa madume. Baada ya siku hamsini au sitini vitoto vinatoka pamoja. Vinafuata mwanga wa upeo wa bahari, ndiyo maana balbu moja ya hoteli pwani inaweza kuvipeleka jangwani. Atakayepona hukaa miaka ishirini na zaidi kabla ya kutaga, na anapotaga hurudi katika pwani alikozaliwa. Huyu tuliyemwona alitoka katika mchanga wa hapa.

Watu wa kale wa nchi hii walimla, mifupa yake imejaa kwenye majalala yao. Lakini hawakumla tu. Ras al-Hamra, karibu na Muscat, wachimbaji walikuta makaburi ya karibu miaka 5,700 iliyopita ambamo maiti wamezikwa na vichwa vya kasa. Walikuwa wanafikiri nini, hakuna aliyebaki wa kutuambia. Kwetu naye tumemla na tumemuuza kwa karne nyingi, hasa ndugu yake ng'amba, ambaye magamba yake yalikuwa yanawavuta wafanyabiashara hadi pwani ya Azania tangu zama za Warumi. Na pengine bado tunamla. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu tisa walifariki baada ya kula nyama ya kasa, wanane kati yao watoto. Nyama yake mara nyingine hugeuka sumu ambayo moto hauiondoi.

Alipomaliza kutaga, alifukia. Hakuondoka hapo. Alijisogeza mbele kidogo kidogo huku akirusha mchanga kwa mapezi ya mbele, akatuchapa nao usoni, akaacha shimo la uongo mbali na mayai. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kutaga. Mtu mmoja nyuma yetu alichoka akawasha simu apige picha. Kijana wa kituo akamzimia kwa mkono, bila neno. Kasa akageuka kuelekea baharini, akivuta hatua nne, akapumzika, akivuta hatua nne. Wimbi la kwanza lilimpiga akasimama. La pili likampokea, na ule uzito wote ukatoweka.

Tulirudi tena saa kumi na moja alfajiri, mimi na mzee, maana alisema jana hakuona vizuri. Mchanga ulikuwa umechorwa njia pana kama za trekta, zinapanda na kushuka. Nyayo za mbweha zilikuwa zinaifuata mojawapo mpaka kwenye tundu lililofukuliwa, na pembeni vimetapakaa vipande vya ganda kama karatasi iliyolowa. Kaa walikuwa wanakimbia ubavuubavu. Kitoto kimoja tu tulikiona, cheusi, kidogo kuliko kiganja cha mtoto, kimechelewa kutoka na jua limekwisha chomoza, na juu yake shakwe watano. Mzee alivua kofia akaanza kuwafukuza nayo. Kijana wa kituo alimwambia tusiingilie. Mzee alijifanya hajasikia. Kilichukua kama dakika sita kufika majini, na kofia ile haikutua kichwani mpaka wimbi lilipokibeba.

Ukitaka kwenda, kasa hutaga hapa mwaka mzima, lakini wengi huja kati ya Mei na Septemba. Weka nafasi mapema, ulale palepale, na simu uiache chumbani. Chukua koti. Na kabla hujaanza Kiarabu chako cha kuokoteza, mjaribu dereva kwa shikamoo.